Simu ya Kutopokewa

Nilipokea simu. Huo ndio ujinga wenyewe, na najua ukiandikwa hivyo unaonekana mdogo. Watu hupokea simu kila siku, wengine wakiwa msalani. Lakini ile ilikuwa simu iliyowekwa isipokewe na mtu yeyote. Ilikuwa imebandikwa plasta juu ya kitufe cha kijani, na mimi niliibandua plasta ile kwa ukucha wangu mwenyewe, nikaibandika kwenye goti ambalo halikuwa na kidonda chochote, nikabonyeza. Halafu nikaongea.

Mama yangu ni Mkenya. Alikuja Kampala kutoka upande wa Busia kabla mimi sijazaliwa, akauza mabeseni na ndoo za plastiki sokoni Kikuubo mpaka mgongo ukamkataa, kisha akapata kazi kwenye stoo ya dawa ya hospitali moja. Sitaitaja, kwa sababu wao hawakukosa kitu. Baba ni dereva wa trela. Wakati wa korona alikuwa amekwama mpakani kwenye foleni ya malori, akingoja majibu ya kipimo, akila biskuti asubuhi na jioni. Kwa hiyo nyumbani Kyebando tulikuwa wawili, mimi na mama, na Kiswahili chetu ambacho majirani walidhani ni cha askari wa doria, maana Kampala Kiswahili kilijulikana kama lugha ya jeshi na polisi. Mama akiniita kwa nguvu jioni, vijana waliokuwa wakicheza ludo uani walitawanyika wakiruka ua, mmoja aliwahi kuacha suruali yake kwenye miba. Nilikuwa nikimwomba mama aniite tena.

Shule zilipofungwa na magari yakazuiwa, hospitali iliwapa wafanyakazi vyumba nyuma ya jengo la kufulia ili walale hukohuko. Mama alikuwa na uamuzi wa kufanya: aniache Kyebando peke yangu, au anibebe. Aliniangalia. Akaanza kufunga godoro langu kwa kamba.

Getini pa hospitali alikuwapo mzee mmoja, askari. Aliingia jeshini baada ya vita vya themanini na sita, akastaafu na vitu viwili: goti bovu na Kiswahili cha kambini. Alikuwa Muganda wa upande wa Masaka, ambako mkewe alibaki na kahawa na migomba yao, na herufi zake za r na l zilikuwa zikibadilishana zamu kama walinzi. Sote tulimwita Afande. Korona ilipofika alipewa kipima joto kile cha kuelekezwa kwenye paji la uso, na siku hiyo ujana wake ukarudi. Alikishika kwa mikono miwili, jicho moja amefumba.

"Simama! Wapi balakoa?"

"Ipo mfukoni, Afande."

"Mfuko yako iko na pua?"

Nilivaa barakoa. Alinilenga, akasoma namba, akasikitika kama mtu aliyekosa shabaha.

"Joto mzuli. Pita. Lakini mimi naona wewe iko mgonjwa ya kichwa, na hii mashine haipimi hiyo."

Aliniita Kuluta, yaani kuruta, askari mpya ambaye hajui hata kufunga kamba za buti. Tulikuwa na mkataba. Nikitoa kichekesho kibaya, ananiangusha chini nipige push-up palepale getini mbele ya wauguzi wanaoingia zamu. Kikiwa kizuri, anacheka, na kucheka kwake ilikuwa kazi ya mwili mzima: anashika nguzo ya geti, anapiga ardhi kwa buti, anafuta macho kwa kofia, halafu ananiamuru nirudie tangu mwanzo "kwa sababu ilipita halaka." Hebu fikiri. Mimi ni mtu niliyezoea darasa zima, watu sitini na mwalimu anayejaribu kutocheka. Ghafla nchi imefungwa na nimebaki na msikilizaji mmoja. Lakini msikilizaji mmoja anayekuomba urudie ni sawa na uwanja uliojaa.

Sasa nieleze zile simu, maana bila hizo huwezi kunielewa.

Wodi ya korona ilikuwa jengo la nyuma, limezungushiwa utepe. Kilichoingia mle hakikutoka hivihivi, hata karatasi. Zamani nesi akitaka dawa aliandika karatasi, mtu akaibeba hadi stoo, mama akaisoma, akausema vibaya mwandiko, akatoa dawa. Sasa karatasi yenyewe ilikuwa kama mgonjwa. Na nesi akishavaa yale mavazi ya plastiki, kutoka nje ilikuwa shughuli: kuvua hiki, kunawa, kuvua kile, kunawa tena, kuoga, ndipo aweze kumsogelea mtu. Dawa za dharura haziwezi kungoja mtu aoge.

Kulikuwa na kijana wa kompyuta, mtu mwembamba aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka Bwaise kila siku kwa sababu pikipiki zilikuwa zimekatazwa kubeba watu. Alikuja na wazo ambalo nadhani lingeweza kuzaliwa huku kwetu tu. Sote tunajua kubipu: unapiga, inalia mara moja, unakata kabla mwenzako hajapokea, naye anaelewa. Wa boda anabipu kusema amefika. Mpenzi anabipu kusema amekukumbuka. Baba alikuwa akibipu kutoka mpakani kusema bado ni mzima na bado ni biskuti. Kubipu hakuli airtime. Basi, akasema yule kijana, wodi nayo ibipu dawa.

Alipigilia ubao kwenye ukuta wa stoo, akafunga juu yake simu tatu ndogo za tochi, akaziunganisha na kompyuta kwa waya. Ya kwanza ilikuwa ya sindano za dharura, zile za kuinua presha inapoanguka na kuushtua moyo unapotaka kulala. Ya pili ilikuwa ya dawa za kuzuia damu isigande. Ya tatu ilikuwa ya mitungi ya oksijeni. Wodini kulikuwa na simu moja. Nesi akibipu ile ya kwanza, kompyuta inahesabu, inapunguza akiba, na printa inatoa kikaratasi. Mama anaandaa trei, na Afande, kwa kuwa geti lilikuwa halina tena wageni wengi, anaisukuma kwa toroli mpaka kwenye kidirisha cha wodi, anagonga, anarudi nyuma. Akiba ikishuka sana, kompyuta yenyewe inatuma agizo kwa wauzaji bila kumwomba mkubwa yeyote ruhusa. Hakuna sahihi ya mtu, hakuna "njoo kesho". Bipu moja, trei moja.

Mwanzoni manesi walibipu kama watu wanaotafuta mchumba, na stoo ikatoa trei juu ya trei mpaka mkubwa wa famasia akaja juu: bipu mara moja, ungoje. Na simu ya wodi iliwekewa airtime kidogo sana, ya kuiwezesha kulia tu, kwa sababu ukiwa huna kabisa, mtandao haukuruhusu hata kubipu, na kwa sababu hospitali iliwajua watu wake. Airtime ingekuwa nyingi, wajomba wote wa Mbarara wangepigiwa.

Siku ile anamaliza kufunga waya, nilimuuliza yule kijana, "Bosi, na mtu akipokea?"

"Mtu gani?"

"Mtu yeyote."

"Asipokee. Mashine inahesabu zile ambazo hazikupokewa. Ukipokea, inaona ni watu wanaongea, inajitoa. Halafu unakula airtime ya wodi." Akaniangalia. Akanyoosha mkono kwenye rafu ya mama, akatoa plasta, akafunika vitufe vyote vitatu vya kijani. "Hata sijui kwa nini, lakini naona hivi ni vizuri zaidi."

Kwa hiyo nilijua. Mtu asije akanitetea kwa kusema nilikuwa mtoto wa watu, sikuelewa mitambo. Nilielewa mitambo kuliko mama. Kazi yangu mle stoo ilikuwa kufagia, kuizima na kuiwasha kompyuta ikiganda, na kunyamaza. Mbili nilizifanya vizuri.

Halafu Afande akaanza kukohoa. Alikohoa akiwa amegeuka ukutani, akidhani ukuta ni kificho. Asubuhi moja nilimkuta amejielekezea kile kipima joto kwenye paji lake mwenyewe, mkono umenyooka mbele kama mtu anayepiga picha. Alisoma namba. Akakitia mfukoni.

"Ngapi, Afande?"

"Hiyo ni sili ya jeshi."

"Nikuitie nesi?"

"Kuluta, simama mbari." Hakucheka. "Simama mbari na mimi kabisa. Leo usiongee."

Jioni hiyo alivuka utepe kwa miguu yake, akiwa bado amevaa kofia. Toroli akapewa kijana mmoja wa bustani ambaye ukimwambia kichekesho alikuuliza, "Halafu?"

Nikabuni njia yangu. Karatasi haikuweza kutoka wodini, lakini kuingia iliweza. Basi kila trei iliyoandaliwa, mama akigeuka, nilitumbukiza kikaratasi chenye kichekesho: cha mbuzi aliyekamatwa na polisi kwa kutovaa barakoa, cha mwalimu wetu wa hesabu anayefundisha redioni huku akisahau kwamba hatumwoni ubaoni. Juu niliandika "Afande asomewe". Niliamini nesi anamsomea. Lakini hakuna kilichorudi. Vichekesho viliingia, kicheko hakikutoka. Sijui kama unajua inavyokuwa. Unarusha jiwe kisimani, unategea sikio, husikii kitu. Nikaanza kumuuliza mama kila saa.

"Afande anaendeleaje?"

"Yupo."

"Yupo vipi?"

"Yupo na oksijeni. Fagia."

Mama alikuwa na namna ya kujibu iliyofunga mlango bila kuubamiza. Lakini usiku nilimsikia akimwombea, kwa Kiswahili, sauti ya chini, akimweka kati ya baba na mimi.

Siku yenyewe, ilikuwa mchana, mawingu mazito yametanda. Lori la mitungi lilifika geti la nyuma na mama akaenda kulipokea. Aliniambia jambo moja tu akiwa mlangoni: "Kikaratasi kikitoka, uniite. Usiandae wewe." Akaenda. Nikabaki na feni, harufu ya maboksi, na zile simu tatu ukutani.

Nilikuwa nimebandua plasta ya simu ya kwanza tangu asubuhi. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa pale. Na kwa sababu wazo lilikuwa limekwisha kunijia: upande wa pili wa simu ile kuna wodi, na ndani ya wodi kuna mtu anayejua kama Afande alicheka. Bipu hulia mara moja tu. Kuiwahi unahitaji kidole kilichokwisha kukaa tayari. Changu kilikuwa tayari.

Ikalia.

"Getini hapa!" nikasema kwa sauti ya Afande, nene, ya kutoka tumboni. "Simama! Wapi balakoa?"

"Nani huyo?" Alikuwa nesi, sauti imezibwa na plastiki lakini naisikia.

"Mimi ndiyo nauliza wewe! Toa joto yako!"

"We mtoto! Ni wewe? Kata simu! Kata nibipu tena!"

Ningekata pale, nisingekuwa na kitu cha kuandika. Lakini nilikuwa nimengoja jibu siku nyingi, na sasa jibu lilikuwa kwenye sikio langu.

"Sema kwanza, Afande alicheka? Ile ya mbuzi?"

"Kata, bambi, tafadhali, kata simu..."

"Ndiyo au hapana tu!"

Ikakatika yenyewe.

Nilisimama nikiitazama. Nilikuwa natabasamu bado. Nikabandua plasta kwenye goti, nikairudisha juu ya kitufe, haikushika vizuri, nikaikandamiza kwa dole gumba. Atabipu tena, nikajiambia. Amesema mwenyewe atabipu tena. Nikakaa chini kungoja. Simu ya pili ikalia, ikakata, printa ikatoa kikaratasi cha dawa ya damu, nikafurahi kwa sababu niliona mambo yanakwenda. Baadaye nilijua hiyo ilitoka wodi nyingine, ile ya upasuaji, iliyokuwa na simu yake. Nilimwita mama, akaja, akaandaa, yule kijana wa bustani akasukuma.

"Hakuna kingine kilichotoka?" mama akauliza, macho kwenye printa.

"Hakuna."

Na kweli hakuna kilichokuwa kimetoka. Nimeligeuza neno lile upande huu na ule tangu siku hiyo. Hakuna. Ukilipeleka mahakamani litashinda kesi. Mama akarudi kwenye lori lake.

Mvua ikashuka. Mvua ya Kampala haibishi hodi, inaingia tu. Kutoka stoo niliweza kuliona jengo la wodi ng'ambo ya ua, kidirisha chake kimefungwa. Nilianza kuitazama simu ya kwanza kama unavyomtazama mtu aliyenuna. Lia, basi. Nikahakikisha waya. Nikahakikisha kompyuta haijaganda. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Mashine ilikuwa inangoja kwa uaminifu kabisa kitu ambacho mimi nilikwisha kukila.

Mama alirudi akiwa anakung'uta maji kichwani, na nyuma yake kidogo, mvuani, akatokea nesi. Hakuwa na yale mavazi. Alikuwa na gauni jembamba la ndani, kichwa wazi, nywele zimelowa, maana alikuwa amevua kila kitu hatua kwa hatua kama sheria inavyotaka. Hakuingia. Alisimama mbali na dirisha akapaza sauti.

"Sindano za presha! Zimetuishia! Simu imekwisha airtime, imekataa hata kubipu, nimelazimika kuvua! Nani alipokea?"

Mama hakuuliza. Alivuta trei rafuni, akaijaza bila kikaratasi, akatoka mbio. Sijawahi kumwona mama akikimbia kabla ya siku ile, wala baada yake. Anakimbia vibaya, magoti yakigongana, trei ameikumbatia kifuani kama mtoto. Katikati ya ua kandambili moja ilinaswa na tope. Aliiacha.

Nesi alibaki kwenye mvua akihema. Nikamuuliza kupitia dirishani. Nilijua, nikauliza hivyo hivyo.

"Ni za nani?"

"Za mzee wa getini." Hakunikaripia. Hilo ndilo lililonitisha. "Zilizokuwepo zilimwendea mama wa kitanda cha mlangoni. Tuliona presha ya mzee inaanza kushuka, nikabipu mapema. Nilibipu mapema, bambi."

Akageuka akaenda kuvaa upya.

Nilitoka mpaka kwenye utepe. Mvua ilinipiga, nikasimama. Niliona trei ikiingia kwenye kidirisha, nikaona mikono yenye glavu ikiichukua, nikaona kidirisha kikifungwa. Mama alibaki amesimama nje chini ya paa fupi, mguu mmoja mtupu, akiutazama ukuta. Sikuomba Mungu. Nilijaribu, lakini kila nikianza, maneno yalitoka kwa sauti ya Afande, kwa sababu ndiyo sauti niliyokuwa nimeizoeza siku nzima.

Kidirisha kikafunguliwa tena. Mtu akasema kitu kifupi. Mama akapokea trei, imepanguswa kwa klorini.

Alirudi akitembea polepole, kwenye mvua ileile. Alipofika katikati ya ua aliinama akaichomoa kandambili yake kwenye tope, akaishika mkononi. Alipita karibu yangu. Aliingia stoo, akapangusa mikono, akatoa vichupa vilivyobaki kwenye trei, akavirudisha kwenye kompyuta kimoja kimoja kama utaratibu unavyotaka. Akiba kwenye kioo ikapanda. Mashine haikuuliza kwa nini vimerudi.

Daktari alisema mapafu ya mzee yalikuwa yamechoka siku nyingi, kwamba wengine walipata sindano kwa wakati na hawakubaki. Alisema pia kwamba wengine walipata na wakabaki. Aliyasema yote mawili kwa sauti moja.

Mkubwa wa famasia alimwita mama. Nilikaa nje ya mlango nikiwa nimejiandaa kuingia na kusema, nimepanga hata maneno, na nikamsikia mama akisema kabla sijainuka: "Simu ilipokewa ndani ya stoo. Stoo ni yangu." Akaulizwa na nani. Akasema, "Na mtoto wangu. Niliyemleta ni mimi." Hakunificha, na hakunikabidhi. Alitolewa stoo akapelekwa kwenye jengo la kufulia, kukunja magauni. Kijana wa kompyuta alikuja akang'oa vitufe vya kijani vyote kwa bisibisi, na kwenye simu ya wodi akapanga airtime iwe inajiongeza yenyewe ikipungua. Aliniona mlangoni. Akaendelea na bisibisi.

Afande alizikwa na watu wa mavazi meupe. Mkewe hakuweza kuja, magari ya kutoka wilaya moja kwenda nyingine yalikuwa bado yamezuiwa, akasikiliza mazishi kwenye simu ya jirani huko Masaka. Kofia, buti na redio yake ndogo viliwekwa kwenye mfuko na kufungiwa ofisini getini, vikimngoja.

Chumbani kwetu, mama aliongea nami mambo ya kawaida. Chota maji. Chumvi imekwisha. Hakunipiga. Nilitamani anipige. Nilikuwa nikimuuliza swali moja tu, asubuhi akifunga kitambaa, jioni akivua viatu: angepona? Mama, zingefika mapema angepona? Alikuwa akiendelea na alichokuwa akikifanya, kama mtu ambaye nje kuna mtu anaita jina lisilo lake.

Sasa niko shule tena. Tulirudi tumekuwa warefu, sare zimetuacha, wengine wana ndevu na mmoja ana mtoto. Bado nachekesha darasa. Ningependa kusema niliacha, ingependeza zaidi kwenye maandishi, lakini midomo yangu haikunisubiri. Tofauti ni kwamba watu wakianza kucheka, naangalia mlangoni. Mwenzangu wa dawati amewahi kuniuliza nangoja nani. Nilimwambia namngoja mkaguzi wa shule, akacheka.

Mazungumzo ya mwisho juu ya jambo hili, mimi na mama, yalikuwa siku magari yaliporuhusiwa. Tulikuwa bado kwenye vile vyumba vya nyuma. Mama alikuwa amekunja magauni tangu alfajiri na mikono yake ilinuka klorini. Nilikuwa kitandani, nimelala chali, nikamuuliza tena lile swali, halafu nikaongeza, "Mama, samahani." Alikuwa hajawahi kunijibu, sikutazamia anijibu. Alikaa kwenye ukingo wa godoro langu. Nayaandika aliyoyasema kama alivyoyasema, sikuongeza chumvi.

"Samahani usiniletee mimi. Mimi napumua. Na nilikuacha na ile simu nikijua wewe ni mtu wa namna gani, kwa hiyo hapo tuko wawili. Lakini hilo swali usiniulize tena. Nikikuambia angepona, utaniharibikia. Nikikuambia asingepona, utasahau, na mimi sitaki usahau. Amka, vaa viatu. Mkewe ameshuka kwenye basi, yuko getini, anaulizia mfuko wa mumewe. Utampa wewe. Kisha utamwambia ulichofanya, kwa Kiganda chako kizuri, taratibu, mpaka mwisho. Mimi nitasimama karibu, lakini sitakusaidia hata neno moja."